MAFUTA YASIYOPIMWA



Kila msimu wa karafuu ukikaribia, mazungumzo ya mizani na bei hutanda barazani kote, na si makosa. Leo lakini twataka kusema juu ya kitu ambacho mizani haikipimi, nacho ni mafuta.

Mnunuzi wa ng'ambo hanunui kijiti kikavu, anunua harufu. Karafuu njema huwa na mafuta sehemu 15 hadi 20 katika mia ya uzito wake, makonyo kiasi cha 5 hadi 7, na majani 2 hadi 3. Mafuta ya makonyo ni makali, yujenoli yake hupita sehemu 90 katika mia. Ya karafuu yenyewe ni laini na yana thamani zaidi.

Basi yategemea nini? Kwanza, siku ya kuchuma. Karafuu hutakiwa iwe imekwisha kua na kuanza kuingia wekundu, kabla kofia yake haijafunguka. Ikichumwa changa huwa nyepesi. Ikifunguka, mafuta yapungua. Ikiachwa hata ikawa tunda, hayabaki ila machache. Na mkarafuu hauivi wote kwa siku moja. Wataka kupandwa mara ya pili, na ya tatu. Ni nani amlipaye mchumaji kwa kurudi juu ya mti huo huo kwa ajili ya vishada vichache? Hulipwa kwa kipimo, hivyo huvuna vyote pamoja, na tawi huvunjika.

Pili, kuanika. Karafuu mbichi ikilala ndani ya gunia hupata moto, ikavunda na kusinyaa. Yataka jamvi, jua la siku nne au tano, na mtu wa kuikusanya kabla ya umande. Hapa hatuna budi kujisema wenyewe: wamo wanachama wetu waanikao juu ya lami, karafuu ikaokota mchanga na uchafu wa magari, kisha wakalalamikia daraja waliyopewa. Katika hilo hatutawatetea.

Lakini yule aliyetandika jamvi, akachambua makonyo usiku kucha pamoja na wanawe, yeye twamtetea. Karafuu yake yaweza kutoa mafuta mengi kuliko ya jirani, wala hakuna amwambiaye. Kupima si jambo gumu: chombo cha maji, moto, kipozeo, na saa chache. Na makonyo je? Pemba hii ina kiwanda cha kuyakamua kwa mvuke, kule Wawi, Chake Chake. Mkulima huyauza kwa bei iliyo sehemu ndogo tu ya bei ya karafuu, asijue gunia lake limetoa mafuta kiasi gani.

Twataka mambo mawili. Vipimo vya mafuta vibandikwe katika kila kituo cha kununulia, msimu kwa msimu, mtu avisome. Na tofauti ya mafuta ionekane katika malipo, ili mchumaji naye apate ujira wa kurudi mtini.

Twawaomba wawakilishi wetu waliulize swali hili Barazani kabla majamvi hayajatandikwa. Matawi nayo yatuletee habari za vituo vyao, karafuu ilikataliwa kwa sababu gani, na kwa kipimo gani. Tutazichapa.