Bamvua Haliishii Makupa

Aghalabu kupanda kwa bahari kunapotajwa Kitale au Bungoma, watu hukuchukulia kuwa shida ya Wapwani. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400, maji yatatufikiaje? Maoni yangu ni kwamba yatatufikia kwa njia ya reli.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi la Kitale likakamilika mwaka 1926. Bungoma nayo imo kwenye njia kuu ya Malaba. Reli hiyo kongwe hutoka kisiwani kupitia Makupa, pembezoni mwa maji ya chumvi. Kipande hicho kifupi kikifurika, treni ya abiria haiingii katikati ya mji wa Mombasa, na sisi wa bara twapungukiwa na njia ya kufikishia mbolea kutoka bandarini.

Wapo watakaopinga. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi lilieleza mwaka 2021 kwamba bahari ilipanda kwa takriban sentimita 20 tu kati ya 1901 na 2018, ilhali bamvua la Mombasa hupandisha maji kwa zaidi ya mita 3. Hoja hiyo ina kasoro. Sentimita hizo huongezwa juu ya bamvua, wala si chini ya maji mafu. Bamvua likikutana na mvua ya masika, mitaro hukosa pa kumwagia, na maji hurudi relini. New York iliona mwaka 2012, dhoruba ya Sandy ilipojaza maji ya bahari katika mapango ya treni za mjini. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Kwa hiyo, viongozi wa Bungoma na Trans Nzoia wanapodai reli mpya ifike Malaba, waulize pia: reli ya Makupa ina kimo gani, na mitaro yake husafishwa lini? Kuirefusha reli huku mwanzo wake ukiachwa majini ni kupaka rangi nyumba yenye msingi uliooza.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu. Maneno bamvua na maji mafu yamebaki kwa wavuvi, tuyafundishe bara. Jamii isiyokuwa na jina la hatari haiwezi kuijadili.