Lenzi Iitwe kwa Umbo, Si kwa Kazi

Katika kufundisha elimu ya nuru kwa Kiswahili yamekwisha kuzoeleka maneno mawili: mbinuko na mbonyeo. Mgongo wa upawa ni mbinuko. Tumbo lake, pale unapokaa mchuzi, ni mbonyeo. Mtoto wa Kizimkazi hahitaji kamusi ili ayafahamu, maana sufuria iliyobonyea ameiona jikoni kwao.

Hata hivyo wapo wanaolalamika kwamba maneno haya huwachanganya wanafunzi. Kioo mbonyeo hukusanya miali ya nuru, ilhali lenzi mbonyeo huitawanya. Kioo mbinuko hutawanya, lenzi mbinuko hukusanya. Basi, wasema, tuachane na umbo, tuseme lenzi kusanyi na lenzi tawanyi. Malalamiko yao ni ya haki. Dawa yao siikubali, na sababu yangu imo baharini.

Wageni wengi huenda Kizimkazi kuwatazama pomboo. Anayejitosa majini bila miwani ya kuzamia huona ukungu mtupu. Kwa nini? Katika jicho la binadamu, takriban theluthi mbili za kazi ya kukusanya nuru hufanywa na konea, ule utando angavu uliobinuka mbele ya jicho, wala si na lenzi iliyo ndani. Konea hufanya kazi hiyo vyema nuru inapoingia kutoka hewani. Lakini maji na konea hupinda nuru kwa kiasi kinachokaribiana mno, hivyo majini nguvu yake karibu yote hutoweka. Umbo ni lile lile. Kazi haipo tena. Pomboo yeye amejaliwa lenzi iliyo karibu na umbo la tufe, naye huona. Miwani humrudishia mzamiaji hewa mbele ya macho, ingawa samaki huonekana wakubwa kuliko walivyo, kwa kadiri ya theluthi moja. (Mvuvi mzoefu hulijua hilo bila kufundishwa na mtu.)

Chukua sasa lenzi mbinuko ya kawaida, yenye umbali wa fokasi wa sentimita 10 hewani. Izamishe majini: umbali huo utakuwa karibu sentimita 40. Tazama na kiputo cha hewa kinachopanda kutoka kwa mzamiaji. Kimebinuka pande zote, lakini hutawanya nuru, kwa kuwa hewa iko ndani na maji yako nje. Jina la kazi lingetudanganya hapo hapo. Kioo chenye umbo la tufe, kwa upande wake, hakibadiliki: hewani na majini, umbali wake wa fokasi ni nusu ya nusukipenyo cha tufe lake.

Tena, neno lenzi lenyewe ni jina la umbo. Kwa Kilatini lilikuwa jina la adesi, na Waarabu hadi leo huiita lenzi adasa, yaani punje ya adesi hizo hizo tunazopika.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni neno kioo. Kioo ni cha kujitazamia, kioo ni cha dirisha, na kioo ndicho kinachotengenezewa lenzi. Mwalimu akisema «kioo mbinuko», mwanafunzi ana haki ya kuuliza kama nuru inapita au inarudi. Nadhani sehemu kubwa ya mchanganyiko unaolalamikiwa inatoka hapa. Kazi ya istilahi haikukoma TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Napendekeza kwamba katika vitabu vya fizikia kioo kiwe kile kinachorudisha nuru tu, na kitu kinachotengenezewa lenzi kiitwe bilauri, neno tulilo nalo tangu zamani, ijapokuwa wengi sasa hulifikiria kuwa ni chombo cha kunywea maji tu.

Na kazi ya lenzi ielezwe kwa sentensi kamili ubaoni: lenzi mbinuko ya bilauri, ikiwa hewani, hukusanya nuru. Yale maneno «ikiwa hewani» mwalimu asiyafute.