Kompyuta Inawaka, Picha Haipo

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na toleo lililofuata haliingii katika kompyuta nyingi za zamani. Kompyuta za ofisi za misikiti na madrasa zetu, kuanzia Kidatu hadi Mlimba, nyingi ni za umri huo, kwa kuwa zilitolewa sadaka na waumini waliojipatia mpya. Baadhi ya kamati zimegeukia Linux, mfumo endeshi wa programu huria usiouzwa. Hatua hiyo tunaiunga mkono. Hata hivyo, swali moja limekuwa likitufikia kwa sura mbalimbali: tumeweka Linux, kompyuta inawaka, lakini skrini ni nyeusi, ina maandishi meupe tu, je, imekufa?

Haijakufa. Tunalisema hilo mapema kwa sababu ya jambo ambalo hufuata. Fundi huitwa, hutazama weusi ule kwa dakika mbili, kisha humaliza shauri kwa kusema: "Tupige windo upya." Kupiga windo kwa mtindo huo ni kufuta diski. Na ndani ya diski mna daftari la michango, majina ya yatima na walezi wao, hesabu za fungu la misiba, na nakala ya hati ya kiwanja cha wakfu. Amana yote hiyo hufutwa kwa ajili ya kasoro ambayo haikuwa imeigusa hata kidogo.

Msimu wa mavuno, kila mkazi wa Ifakara amewahi kusikia mashine ya kukoboa mpunga ikinguruma huku mchele hautoki, kwa kuwa mkanda umeruka. Hakuna mwenye mashine anayekwenda kununua injini nyingine. Linux nayo imejengwa kwa namna hiyo. Kiini chake, alichokianzisha Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, huendesha diski, kumbukumbu na kibodi. Madirisha, picha na kishale cha kipanya ni kazi ya programu nyingine zilizopandishwa juu yake. Kwa miaka mingi iliyotawala kazi hiyo ni X, iliyoanza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani. Siku hizi Wayland inachukua nafasi yake. Juu ya hapo ndipo linapokaa eneo-kazi lenyewe, nalo ni la kuchagua: KDE iliyoanza mwaka 1996, GNOME ya mwaka 1997, Xfce, na mengineyo. Katika Windows tabaka hizi huja zimeshonwa pamoja, na aliyelelewa huko akikosa picha hudhani amekosa kila kitu.

Mwaka huu tuliitwa na madrasa moja ya bondeni, ambayo hatutaitaja. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na ulipowaka, kompyuta ya ofisi ikaleta ukurasa wa kuingilia. Kila mwalimu alipoandika nywila, skrini iliwaka mara moja kisha ikamrudisha palepale. Fundi alikuwa amekwisha kuitwa, na diski ilikuwa ifutwe siku iliyofuata. Tulibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukurasa mweusi ukafunguka, ukauliza jina na nywila. (Anayejaribu asishtuke: herufi za nywila hazionekani zinapoandikwa, wala nyota hazitokei.) Tukaandika "df -h", amri inayoonyesha nafasi ya diski, na jibu likawa asilimia 100. Video za darsa za Ramadhani zilikuwa zimeijaza diski hadi ukingoni. Eneo-kazi linapofunguka hulazimika kuandika mafaili madogo, na likikosa mahali pa kuyaandika hujifunga. Umeme haukuwa na hatia.

Kabla ya kufuta chochote tulitoa nakala. Amri ya "lsblk" ilituonyesha kwamba flashi tuliyochomeka imepewa jina sdb1. Tukaifungua kwa "sudo mount /dev/sdb1 /mnt", tukanakili folda ya hesabu kwa "sudo cp -r", kisha tukaifunga kwa "sudo umount /mnt" kabla ya kuichomoa. Daftari zima la miaka minne liliingia katika kitu kinachotosha kiganjani. Baada ya hapo video zilihamishiwa diski ya nje, amri ya "sudo apt clean" ikaondoa mabaki ya programu zilizopakuliwa zamani, kompyuta ikazimwa na kuwashwa. Madirisha yakarudi. Mwalimu mkuu alituuliza kama kweli hatukuweka kitu kipya, na jibu ni kwamba hatukuweka.

Zipo sababu nyingine mbili ambazo hukutwa sana. Ya kwanza, eneo-kazi halikuwekwa tangu mwanzo, kwa kuwa aliyeiweka Linux alipita hatua ya kulichagua. Kwenye Debian, "sudo apt install task-xfce-desktop" hulileta. Xfce ni jepesi na linafaa kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2. Lakini mzigo wake ni mamia ya megabaiti, na bando la kijijini halivumilii. Ni heri kupakua mjini faili la DVD la Debian, lenye karibu GB 4, ambalo eneo-kazi limo ndani yake, na kulibeba kwa flashi. Ya pili, kadi ya picha haikupatana na mfumo, hasa zile za NVIDIA. Hapo, orodha ya kuwashia inapotokea, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza "nomodeset" mwishoni, kisha bonyeza F10. Picha itakuja, ingawa kwa unyonge, na mtaweza kutafuta programu sahihi ya kadi hiyo mkiwa mnaona. Neno hilo halidumu, mkizima, limeondoka.

Baadhi ya ndugu zetu hutuambia: kwa nini taabu yote hii, ilhali nakala ya Windows iliyovunjwa kufuli inapatikana mtaani kwa bei ya chai? Shauri hilo tumelisikia hata ndani ya vikao vya kamati. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988 lilitoa azimio namba 43, kwamba haki za utunzi na ubunifu ni mali ya wenyewe, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Ofisi inayoandika sadaka za watu kwa kifaa kilichoporwa ina la kujibu. Leseni ya programu huria, kwa upande wake, imeandikwa wazi kwamba unaruhusiwa kunakili na kumpa jirani.

Wengine wanalalamika kwamba maneno ni ya Kiingereza. Malalamiko hayo ni ya haki, na yalikwisha kufanyiwa kazi hapahapa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupiga hesabu yenye menyu za Kiswahili. Wakati huo wahitimu wengi wa leo walikuwa bado wanasoma juzuu amma. Menyu za maeneo-kazi ya Linux, kwa bahati mbaya, hazijafika mbali hivyo, na vijana wetu walio vyuoni wanaweza kuzitafsiri bila kuomba kibali cha yeyote. Lakini LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na katibu anayeandika kumbukumbu za kikao anaweza kuichagua leo hii kwenye mipangilio ya lugha, ili jina la kila mchangiaji lisipigiwe mstari mwekundu peke yake bali na makosa yetu ya kweli yaonekane.