Fedha za Dharura Zijenge Vyumba

Tarehe 2 Novemba 2015, Meya Ed Murray wa Seattle na mkuu wa Kaunti ya King, Dow Constantine, walitangaza hali ya dharura kwa ajili ya watu wasio na makazi. Jiji lilitenga zaidi ya dola milioni 5, kisha wakuu hao wakaiomba serikali ya jimbo na serikali kuu ziwaongezee. Mwaka wenyewe ulikuwa na kejeli yake, maana mpango wa miaka 10 uliozinduliwa mwaka 2005 uliahidi kwamba kufikia 2015 tatizo hilo lingekuwa limekwisha. Hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2015 katika kaunti hiyo ilikuta watu 3,772 wakilala nje: vibarazani, ndani ya magari na chini ya madaraja. Ukijumlisha na waliokuwa katika mabweni ya hifadhi, walifika takriban 10,000. Mwaka 2024 jumla hiyo ilipita 16,000. Ni kweli kwamba njia ya kuhesabu imebadilika, lakini hata mhasibu mwenye huruma hawezi kuita hayo mafanikio.

Je, jiji lilikosea kuomba? La. Anayelowa usiku huu hawezi kuambiwa asubiri sera ya ardhi ikamilike. Kosa ni kuomba bila kusema fedha zinakwenda kununua nini. Utaratibu wa misaada ya maafa nchini Marekani ulibuniwa kwa ajili ya vimbunga, mafuriko na matetemeko, na kimbunga hupita. Kodi ya pango haipiti. Fedha za dharura zikilipia kitanda cha bweni kwa miezi michache na kuyahamisha mahema kutoka mtaa huu hadi mtaa wa pili, siku zinapokwisha mtu yuleyule hurudi palepale, na jiji hurudi kuomba. Kwa hiyo tunawahimiza madiwani wa Seattle, na wa kila mji unaoandika ombi la namna hiyo, waombe bila haya, ila sehemu kubwa ya fedha hizo waifunge kwenye vyumba vya kudumu.

Wako watakaosema kwamba wanaolala nje ni walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, na kwamba mtu wa namna hiyo ukimpa chumba atakiharibu. Jibu limo ndani ya Seattle yenyewe. Mwaka 2005 lilifunguliwa jengo la 1811 Eastlake, lenye vyumba 75 kwa ajili ya walevi sugu waliokuwa wakiishi mitaani, nao hawakulazimishwa kuacha pombe kwanza. Watu wengi walikasirika, wakaona kodi yao inanunulia walevi starehe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la tiba la JAMA ulifuatilia gharama za wakazi hao: hospitali, jela, gari la wagonjwa na vituo vya kulevuka. Kabla ya kupata chumba, gharama ya kati ya mtu mmoja ilikuwa dola 4,066 kwa mwezi. Baada ya mwaka mmoja ndani ya jengo ilishuka hadi 958. Hata walipoingiza gharama za kuendesha makazi hayo, watafiti waliona kwamba umma unaokoa fedha ukilinganisha na waliobaki kwenye orodha ya kusubiri. Na wakazi walipunguza kunywa, jambo ambalo mahubiri ya miaka mingi hayakuwa yameliweza.

Isitoshe, kama ulevi ndio chanzo, West Virginia, jimbo lililoumizwa mno na dawa za kulevya, lingejaa mahema. Halijajaa, kwa kuwa nyumba kule ni rahisi. Seattle ilikuwa na watu 608,660 mwaka 2010, wakawa 737,015 mwaka 2020, wengi wakifuata mishahara ya kampuni za teknolojia, huku sheria za mipango miji zikiwa zimetenga sehemu kubwa ya ardhi ya makazi kwa nyumba za familia moja moja. Pale vyumba vinapogombaniwa, mwenye kipato kidogo, mgonjwa au mlevi ndiye wa kwanza kutupwa nje.

Hoja nzito zaidi ni ile isemayo kwamba ukarimu utavuta maskini wa nchi nzima. Hojaji za kaunti zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa wasio na makazi walikuwa wakiishi humo humo kabla ya kupoteza nyumba. Wageni wapo, hilo halikanushiki: mwaka 2023 mji jirani wa Tukwila nao ulitangaza dharura baada ya waomba hifadhi, wakiwemo Wakongo na Waangola, kupiga mahema kwenye uwanja wa kanisa. Lakini hao walikimbia makwao. Hawakuvutwa na kitanda cha bweni.

Tazama Houston. Tangu 2011 imepunguza idadi ya wasio na makazi kwa zaidi ya nusu, kwa kuelekeza fedha za serikali kuu kwenye nyumba za kupanga badala ya kila shirika kushika lake. Houston ina bahati ya kodi nafuu ya pango, na Seattle haina. Ndiyo maana Seattle inahitaji pia chanzo cha mapato kisichokauka. Februari 2025 wapiga kura wake waliidhinisha kodi ya asilimia 5 kwa waajiri, juu ya malipo ya mfanyakazi yanayozidi dola milioni 1 kwa mwaka, ili kujenga nyumba za umma. Nyumba hizo hazitakuwa za wanaolala nje pekee, na hazitasimama kesho. Basi ombi lijalo la dharura liandikwe kuziba pengo hilo, likitaja idadi ya vyumba, mahali vitakapokuwa, na nani atavilipia fedha za dharura zikiisha.