Tusigawane Chai kwa Hati za Mshahara

Ndugu msomaji, ikiwa unafundisha katika shule ya sekondari ya serikali hapa Kampala, tazama chumba cha walimu wakati wa chai ya saa nne. Mara nyingi utaona meza ya fizikia na kemia upande mmoja, na meza ya historia, dini na Kiswahili upande wa pili. Kila mmoja huinamia kikombe chake, na ni wachache wanaoulizana habari za nyumbani.

Ufa huu una chanzo. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wa mwenye stashahada hadi milioni 3. Sisi wa masomo ya sanaa tuliachwa pale pale. Mwezi Juni walimu wa sanaa waligoma. Mgomo ulikwisha, lakini kununiana hakukwisha.

Nasema wazi kwamba ubaguzi huo ni dhuluma. Lakini aliyeuidhinisha si mwalimu wa hisabati unayepakana naye. Yeye pia hukwama kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, naye pia hutafuta karo ya wanawe. Kumnyima salamu ni kumdai deni asilolikopa.

Wapo watakaonijibu kwamba porojo za chai hazipandishi mshahara. Ni kweli. Lakini ni lini watu wasiojuana walidai haki kwa pamoja? Mwalimu wa kemia atasimamaje nawe, ikiwa hajui kwamba umepanga chumba kimoja Kireka, nawe hujui kwamba fedha zake humezwa na mkopo wa benki? Mambo kama hayo hayasemwi mikutanoni. Hujitokeza katikati ya mzaha wa mpira na malalamiko ya bei ya matooke. Tukiendelea kununiana, vita vya panzi vitakuwa furaha ya kunguru.

Nao wanafunzi wanatuona. Tutawahubiriaje umoja wa taifa darasani, ilhali ukumbini tunapitana kama wageni?

Kesho, ndugu msomaji, hamisha kiti chako. Usianze na mshahara wala siasa. Uliza kuhusu mvua ya jana, au mtoto aliyekuwa mgonjwa, kisha sikiliza jibu hadi mwisho. Usawa wa malipo tutaendelea kuudai serikalini, lakini salamu hazihitaji idhini ya wizara.