Motokaa Haiendi kwa Maji

Petroli ni ghali, na kila mwenye motokaa hutafuta nafuu. Mjomba wangu, dereva wa hapa Budondo, aliuziwa chombo cha kugeuza maji kuwa mafuta. Fedha ile ilikuwa karo yangu.

Wenzangu, hesabu yake ni nyepesi. Kuyatenga maji yatoe hidrojeni kwahitaji umeme. Umeme watoka katika betri, betri hujazwa na injini, na injini yala petroli. Tena kila hatua hupoteza nguvu. Huko Ohio, Marekani, Stanley Meyer alidai kuwa gari lake lilikwenda kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ilisema ni udanganyifu, ikamwamuru arudishe fedha za waliomshtaki.

Sisemi kwamba petroli haina badala. Kiwanda cha Kakira hutengeneza spiriti kwa molasi ya miwa, na spiriti huweza kuchanganywa na petroli. Lakini nguvu ile ilitoka katika jua na jembe, si bure.

Basi mwuzaji akija, mwambie: tupime petroli, twende Jinja na kurudi bila chombo, kisha tuwe nacho. Akikataa, usinunue. Mjomba hakupima, nami nilikaa nyumbani muhula mzima.