Rangi ya Mwili ni Ipi? Somo la Sanaa na Utu wa Mtoto

Mtaala mpya wa elimu nchini Tanzania, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, umeipa sanaa nafasi katika shule za msingi kupitia somo la Sanaa na Michezo. Hata hivyo, wazazi wengi bado wanalihesabu somo hili kuwa burudani ya kupumzisha akili baada ya Hisabati. Zoezi moja tu, la kuchora sura ya binadamu na kuipaka rangi, latosha kuonesha kwamba dhana hiyo haina msingi.

Mtoto anayejichora hufika mahali akauliza: rangi ya mwili ni ipi? Swali hili lina historia yenye uchungu. Nchini Marekani, kampuni ya Crayola iliuza kwa miaka mingi kalamu ya nta ya waridi hafifu kwa jina la rangi ya mwili, hadi jina hilo lilipobadilishwa mwaka 1962. Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto weusi wa nchi hiyo picha za kupaka rangi, wakaona kwamba baadhi yao walijipaka rangi nyepesi kuliko ngozi zao. Kabla ya kujua kuandika vizuri, watoto hao walikuwa wamekwisha kujifunza kujikataa.

Nadharia ya rangi ina jibu lake. Mwalimu huanza na rangi tatu za msingi: nyekundu, manjano na buluu. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya machungwa. Ikitiwa buluu kidogo, hugeuka kahawia. Buluu ikizidi, kahawia hukoza. Nyeupe ikiongezwa, hufifia. Kwa mikono yake mwenyewe, mtoto hugundua kwamba mweusi wa mkaa, mwenye rangi ya maji ya kunde na mgeni mweupe wote wametoka katika sahani moja, wakitofautiana kwa vipimo tu.

Kanisa hufundisha kwamba kila mwanadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Katika katekesi mtoto hulikariri fundisho hilo. Anapomchora mwenzake, hulazimika kumtazama kwa utulivu na kumtendea haki. Malezi hayo yanahitajika mno katika jamii ambamo vipodozi vya kujichubua, ingawa vimepigwa marufuku, bado vinapata wanunuzi.

Uhaba wa vifaa ni changamoto ya kweli, lakini usiwe kisingizio. Udongo mwekundu, binzari, mkaa na chokaa vyatosha kuanzia. Wazazi nao wana wajibu: mtoto akileta nyumbani picha yake aliyoipaka kahawia iliyokoza, asichekwe wala asiambiwe amejichafua. Aulizwe aliipataje rangi ile, kisha picha itundikwe ukutani.